Ukuta wa changarawe umesimama miaka miwili. Je, utasimama vuli hii?

Swali: Shikamoo mhandisi. Marehemu baba alituachia shamba njia ya Kayenze, hapa Ilemela. Miaka miwili sasa vijana wanachimba changarawe pale na sisi tunalipwa kwa tripu. Shimo limeingia ndani, na ukuta wa nyuma una mita 8 hivi, umesimama wima kama ukuta wa nyumba. Wiki iliyopita nilipanda juu, karibu na mwembe, nikaona ufa unaoingia vidole vitatu. Unakwenda sambamba na ukingo, kama hatua mbili kutoka ukingoni. Kaka yangu anasema ukuta umepita misimu miwili ya mvua bila tatizo, na kwamba jiwe kubwa lililochomoza katikati ndilo linaloushikilia. Vijana wanasema ufa ni wa jua tu. Vuli inakuja. Nitajuaje kama pako salama kabla sijagombana na familia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kupanda juu. Wengi hukagua machimbo wakiwa wamesimama chini, wakiutazama ukuta usoni, ilhali habari zake nyingi ziko mgongoni.

Nianze na la haraka. Kwa hayo uliyoeleza, ukuta huo hauko salama, na si jambo la kungojea mvua ya kwanza. Kuanzia leo asiingie mtu chini yake: si wachimbaji, si akina mama wanaochekecha, si mtoto anayepeleka chai. Wekeni kamba au miiba mita 12 kutoka ukutani, yaani mara moja na nusu ya urefu wake, kwa sababu kifusi kikishuka hakidondoki pale pale miguuni, hukimbia mbele. Na huko juu, asivuke mtu kwenda upande wa mbele wa ufa. Mkishamaliza hilo, ndipo tuongee.

Kaka yako ana hoja ambayo nimeisikia karibu kila shimo nililoitwa kulikagua, nami siidharau, maana inatoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake. Ila muulize jambo moja: mvua za mwaka wa kwanza zilipopita, ukuta ulikuwa na mita ngapi? Kama shimo lina miaka miwili na leo ni mita 8, basi msimu wa kwanza huenda ulikuwa mita 3, na wa pili mita 5. Tena ule uliosimama wakati huo haupo tena, umeshapakiwa kwenye fuso na leo uko chini ya sakafu za nyumba za watu mjini. Huu wa sasa ni mwingine, mrefu zaidi, na haujawahi kunyeshewa ukiwa na urefu huu wala ukiwa na ufa huu. Ukuta wa machimbo si kama mlima. Kila wiki unazaliwa upya, kwa hiyo hauna historia ya kujivunia.

Sasa tuangalie kinachousimamisha. Changarawe ina nguvu mbili. Ya kwanza ni msuguano, punje kukwaruzana na punje. Ya pili ni mshikamano, ile gundi inayofanya bonge libaki bonge. Mfaransa Coulomb alizitenganisha nguvu hizi mbili kwa hesabu mwaka 1776, na mpaka leo ndizo tunazopima. Tofauti yake ni kubwa. Msuguano haukuhami, ukilowesha changarawe, ukikausha, punje bado ni zile zile na zinakwaruzana vile vile. Mshikamano ndio mgeni. Unaweza kuwapo asubuhi na jioni ukawa umeondoka.

Ukitaka kumwonyesha kaka yako, nendeni ufukweni. Chukueni mchanga mkavu wa juu mjaribu kuufinyanga tonge: unamwagika. Chimbeni kidogo mpate ule wenye unyevu: tonge linakaa, na unaweza hata kulikata kwa kisu likabaki na ukuta wima. Kisha litieni kwenye maji mtazame. Halichukui hata nusu dakika. Hakuna punje iliyobadilika, ni ule unyevu wa kati uliokuwa ukizivuta punje pamoja ndio umezidiwa na maji. Shimo lenu linakaa kwenye hali ya lile tonge la pili. Jua kali linaweza kulirudisha kwenye hali ya kwanza, mvua nyingi inaweza kulipeleka kwenye ya tatu, na pande zote mbili ni kuporomoka.

Kwa namba mambo yanaonekana wazi zaidi. Changarawe ya kwetu ina uzito wa karibu tani 1.9 kwa mita ya ujazo, na pembe yake ya msuguano ni nyuzi 35 hivi. Ukuta wima wa mita 8 ukitaka kujishikilia wenyewe unahitaji mshikamano wa kilopaskali 20 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Ukiwa nao, unasimama, na mtu atakuapia kwamba ni mgumu kama saruji. Mvua ikashusha mshikamano huo hadi kilopaskali 5, urefu unaoweza kusimama wima unakuwa mita 2 tu. Gundi ikibaki robo, urefu nao unabaki robo. Na pakishakuwa na ufa juu, hesabu inashuka tena hadi mita 1.3 au zaidi kidogo. Hapo ndipo ulipo mlango wa hatari: ukuta ule ule, kijana yule yule na sururu yake, lakini kilichokuwa kikishikilia mita 8 sasa hakiwezi kushikilia hata urefu wa mtu.

Ardhi ya Mwanza ina mambo yake pia, na hapa nitakaa kidogo, maana vitabu vingi vya machimbo vimeandikwa kwa changarawe ya mito ya Ulaya, na yetu si hiyo. Sehemu kubwa ya mnachochimba ni matale yaliyooza. Matale haya, au granaiti kama wengi wanavyoyaita, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipopasuka, maji yaliingia kwenye nyufa zake na kula kona za kila kipande taratibu, mpaka katikati pakabaki jiwe la duara na pembeni pakawa changarawe. Sehemu ambazo changarawe hiyo imeshachukuliwa na mvua za maelfu ya miaka, mawe yamebaki yamepandana: ndiyo vilima vyetu, ndilo lile Jiwe la Bismarck pale ziwani linalopigwa picha na kila mgeni. Katika shimo lenu mawe hayo bado yamo ndani, yamezungukwa na changarawe.

Kwa hiyo jiwe la kaka yako haliushikilii ukuta. Ukuta ndio unaolishikilia jiwe. Jiwe la duara lenye upana wa mita 1.5 lina karibu tani 4.7, na kila changarawe inapokwanguliwa chini yake, kiti chake kinapungua. Nimeona vijana wakichimba kulizunguka jiwe kama hilo kwa sababu pembeni yake ndipo changarawe ilipo laini na rahisi kutoka. Ulaini huo ni dalili kwamba pameoza zaidi, yaani ndipo pa kwanza kuachia.

Kuna kitu cha pili cha kutafuta. Tazama usoni mwa ukuta, ukiwa mbali, kwa darubini au kwa kuvuta picha ya simu. Utaona mistari: ni nyufa za zamani za mwamba, zimebaki hata baada ya mwamba kuoza, na mara nyingi zina utando wa udongo mweupe. Udongo huo umetokana na madini ya ndani ya matale yenyewe, na ukilowa unateleza kama sabuni. Mistari ikiwa imelalia ndani, kuelekea mlimani, ni afadhali. Ikiwa imelalia nje, kuelekea shimoni, basi una mbao zilizopangwa kwenye paa bila misumari. Namba nilizokupa hapo juu hazihusiki tena, maana kipande hakitavunja changarawe, kitateleza kwenye njia iliyokwisha kutengenezwa.

Tuje kwenye ufa wako. Vijana wanasema ni wa jua. Nyufa za jua zipo, na zina sura yake: ni nyembamba, zinakatana ovyo kama gamba la kobe, hazina mwelekeo. Ufa mmoja unaofuata ukingo kwa muda mrefu, na unaoingia vidole vitatu, hiyo ni sentimita 5, si wa jua. Ni ardhi iliyoanza safari. Hatua zako mbili ni kama mita 1.5, kwa hiyo kipande kilichokwisha kujitenga si chini ya tani 10 kwa kila mita moja ya urefu wa ukingo. Kipande cha mita 4 kikishuka ni zaidi ya fuso tano za tani 7.

Na ufa huo sasa ni ndoo. Mvua ikiujaza, maji yanasukuma kipande kuelekea shimoni. Ukiwa na kina cha mita 2, msukumo ni karibu tani 2 kwa kila mita ya urefu wake. Ukiwa na kina cha mita 4, hauwi tani 4, unakuwa tani 8, kwa sababu kina kikizidishwa mara mbili nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana nasema msifikirie ukuta, fikirieni maji.

Kuna kosa hapa ambalo huua watu waangalifu. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye shimo moja upande wa Misungwi, siku moja baada ya ajali. Mvua kubwa ilinyesha Ijumaa na Jumamosi. Vijana walikuwa na busara, wakakaa nyumbani. Jumatatu jua likawaka, ukuta ukakauka usoni ukawa mweupe kama kawaida, wakarudi kazini. Ulianguka saa nne asubuhi, pasipo tone la mvua. Maji yaliyoingia juu siku mbili kabla yalikuwa bado yanashuka ndani taratibu, na ndiyo kwanza yalikuwa yamefika miguuni mwa ukuta. Mmoja alitolewa akiwa hai. Mwenzake hakuwahiwa. Karai lake lilikuwa bado lina changarawe, limekaa wima mita chache kutoka pale, kana kwamba mtu amelitua apumzike. Tangu siku hiyo kanuni yangu baada ya mvua kubwa ni siku tatu kamili bila kazi chini ya ukuta, hata jua liwake namna gani. Jirani zetu wa Bariadi, mkoani Simiyu, walipoteza watu 22 Januari 2024 katika machimbo madogo ya dhahabu yaliyoporomoka kipindi cha mvua kubwa. Dhahabu au changarawe, udongo uliolowa ni ule ule.

Umeniuliza utajuaje. Kwako jibu limeshatoka, lakini shimo bado lina pande nyingine, na mtataka kuendelea, kwa hiyo jifunze kukagua. Anza juu kila mara, nyuma kabisa ya ukingo, ukitembea kuelekea pembeni. Tafuta nyufa, nguzo za uzio zilizoinama, majani yaliyozama. Kwenye huo ufa wako, weka alama za chokaa sehemu tatu, na kila asubuhi na jioni pima upana wake kwa futi ya fundi ukiwa umechuchumaa upande wa nyuma. Andika kwenye daftari pamoja na saa. Ninachotazama si upana, ni mwendo: ukiongezeka milimita 2 kila siku unakuwa mgonjwa; ukiongezeka 2, kesho 4, keshokutwa 8, ondokeni hata huko juu, msirudi kupima. Ingiza pia fito ndefu ujue kina. Kisha shuka, ukae mbali, utazame chini ya ukuta kama kuna mstari wa unyevu, majani ya kijani pasipo na sababu, au maji yanayochuruzika. Maji yakitoka na changarawe laini ndani yake, ukuta unaliwa kutoka ndani.

Pembe ya msuguano nayo unaweza kuipima nyumbani. Anika changarawe ikauke, imwage polepole kutoka kwenye ndoo mpaka ifanye kichuguu. Pima urefu wake kwenda juu na nusu ya upana wake chini. Urefu ukiwa sentimita 70 na nusu ya upana mita 1, hiyo ni nyuzi 35. Pembe hiyo ndiyo changarawe inayoichagua yenyewe isipokuwa na gundi. Ukuta wowote mkali kuliko hapo unaishi kwa mkopo wa unyevu.

Lakini usidhani mteremko wa nyuzi 30 ndio umemaliza kazi. Wahandisi tunagawanya nguvu inayozuia kwa nguvu inayosukuma. Jibu likiwa 1, uko ukingoni kabisa, na kwenye machimbo tunataka angalau 1.3. Changarawe kavu ya nyuzi 35 kwenye mteremko wa nyuzi 30 inatoa 1.2, inasimama. Maji yakiujaza mteremko huo na kutiririka ndani yake, yanazibeba punje zisigandamizane kama mwanzo, na jibu linaanguka hadi karibu 0.6. Imeporomoka. Ndiyo maana ningechagua mtaro mzuri juu ya ukingo kabla ya kuchagua pembe nzuri. Mtaro uwe mita 4 au 5 nyuma, uwe na mwinamo wa kupeleka maji pembeni mbali na shimo, na sakafu yake ishindiliwe udongo wa mfinyanzi, la sivyo mtakuwa mmechimba kisima cha kulisha ufa. Kama shimo liko karibu na ziwa, kumbukeni pia mwaka 2020 maji yalivyopanda. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi ufukweni nayo hupanda, na miguu ya ukuta hulowa bila mvua.

Kuhusu kuutengeneza. Mteremko ninaoutaka kwenu ni wa 1 kwenda juu kwa 2 kwenda nyuma, ambao kwa mita 8 unataka mita 16 za ardhi kuanzia mguuni mwa ukuta. Kama mpaka wa jirani uko karibu kuliko hapo, msimwingilie. Jazeni miguuni badala yake. Ule udongo wa juu mlioutupa pembeni ndio dawa: ukirundikwa chini ya ukuta na kushindiliwa unakuwa kama mtu aliyeegemeza bega mlangoni. Kipande kilichopasuka kiteremshwe kwa kijiko na mwendeshaji mzoefu, aanzie pembeni penye ukuta mfupi, ashushe kutoka juu, mashine ikiwa imekaa tayari kurudi nyuma. Si kazi ya vijana na mitaimbo, hata wajitolee vipi.

Baada ya hapo uchimbaji uwe wa ngazi, kuanzia juu kwenda chini. Kwa mkono, ngazi isizidi mita 1.5 kwenda juu, na upana wake mita 2.5, mvua zikianza mita 3. Marufuku kutoboa chini ili ukuta ujiangushe wenyewe. Najua kwa nini wanafanya hivyo: tripu moja inapatikana kwa nusu ya jasho, na mtu anayelipwa kwa tripu hawezi kulaumiwa kirahisi kwa kutafuta njia fupi. Hapo ndipo ninyi wenye shamba mnapoingia. Mkiongeza kidogo malipo ya tripu inayotoka kwenye ngazi, na mkikataa kabisa kupakia iliyoangushwa, mtaona mabadiliko haraka kuliko kwa kibao cha onyo. Magari nayo yasipite juu ya ukingo. Yakae nyuma kwa umbali usiopungua urefu wa ukuta.

La sheria ni fupi. Changarawe ni madini ya ujenzi, na kumiliki shamba si kumiliki madini yaliyomo. Uchimbaji unahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini. Kama vijana hawana, nendeni pamoja kwa Afisa Madini Mkazi hapa Mwanza. Msiogope, ofisi hiyo ndiyo yenye wakaguzi mnaowahitaji. Na pimeni umbali hadi majini, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Nitumie picha tatu: moja ya ukuta mzima kutoka mbali, mtu akiwa amesimama nje ya kamba ili nipate kipimo, moja ya ufa kutoka nyuma, na moja ya shina la mwembe. Nataka kujua huo mwembe umeinamia wapi, na kama mizizi yake imeanza kuonekana ukutani. Ikiwa imeonekana, mwambie kaka yako auhesabu kuwa upande wa mbele wa ufa, na mtoto asitumwe kuokota maembe pale.